Muuguzi Mwanafunzi na Kinga ya Maambukizi Hospitalini: Anachojua, Anachotenda na Wajibu Wetu

Maelezo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Halmashauri katika mkutano wa wakazi wa kata. Yanachapishwa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.



Miongoni mwa maswali yanayoifikia ofisi yangu, lipo moja linalorudi kila mara vyuo vinapoleta vijana wao hospitalini kwa mafunzo ya vitendo. Wananchi huuliza: hawa watoto wanaotudunga sindano na kutufunga vidonda, wanajua wanachokifanya? Tumekwenda kutibiwa ugonjwa mmoja, je, hatutarudi nyumbani na mwingine?

Swali hilo ni la haki na halistahili kujibiwa kwa maneno ya kubembeleza. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaolazwa hospitalini, wagonjwa 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja ambalo hawakuingia nalo. Katika kila wagonjwa 10 wanaoambukizwa hivyo, mmoja hufa. Hofu ya mwananchi, basi, ina msingi. Ninachoomba tukitazame pamoja ni mahali ambapo hatari hiyo inatoka, na nafasi ya mwanafunzi ndani yake. Mimi si muuguzi. Kazi yangu ni kupeleka habari kati yenu na Halmashauri. Lakini jambo hili limejadiliwa kwa miaka mingi na wenye taaluma, na mengi wanayoyajua yanaelezeka kwa lugha ya kawaida.

Somo kutoka Vienna

Mwaka 1847, katika Hospitali Kuu ya mji wa Vienna, nchini Austria, palikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Ya kwanza ilikuwa ya kufundishia wanafunzi wa udaktari, na ya pili ilikuwa ya kufundishia wakunga. Kina mama waliojifungulia katika ile ya kwanza walikufa kwa homa ya uzazi kwa wingi kuliko wale wa ile ya pili. Jambo hilo lilijulikana mjini kote, hata kina mama wakalia na kuomba wasipelekwe katika wodi ya kwanza.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, alitafuta sababu. Aligundua kwamba madaktari na wanafunzi wao walikuwa wakitoka moja kwa moja kuchunguza maiti na kuingia kuwapima wazazi, hali wanafunzi wa ukunga hawakuwa na kazi ya maiti. Katikati ya mwezi Mei aliagiza kila anayeingia wodini anawe mikono kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wamekufa wazazi 18 katika kila 100. Mwezi Juni walikufa 2 katika kila 100, na mwezi Julai mmoja hivi. Wakubwa wengi wa taaluma hawakumkubali, naye akafa mwaka 1865 kabla ya ukweli wake kutambuliwa sawasawa.

Naomba tutafakari jambo moja katika habari hiyo. Wodi zote mbili zilikuwa na wanafunzi, lakini moja iliua na nyingine iliponya. Aidha, katika ile iliyoua, mikono ya walimu ilikuwa imebeba sumu ile ile iliyobebwa na mikono ya wanafunzi. Hivyo kilichowaua kina mama wale hakikuwa uanafunzi. Kiliwaua kile kilichobebwa na mikono, pamoja na kukosekana kwa utaratibu wa kukiondoa kabla ya kumgusa mgonjwa.

Mwanafunzi anafundishwa nini?

Kijana anayesomea uuguzi na ukunga katika nchi yetu hapelekwi wodini kabla ya kufundishwa darasani mambo yanayoitwa tahadhari za msingi za kinga na udhibiti wa maambukizi. Chimbuko la tahadhari hizo kwa sura yake ya sasa ni miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipoenea. Mwaka 1987 mamlaka za afya za Marekani zilielekeza kwamba damu ya kila mgonjwa ishughulikiwe kana kwamba ina virusi, kwa kuwa hakuna awezaye kumtambua mwenye maambukizi kwa kumtazama usoni. Mwaka 1996 maelekezo hayo yalipanuliwa, yakahusu pia majimaji mengine ya mwilini, vidonda na utando laini wa mwili.

Hapa naomba niondoe manung'uniko ya muda mrefu. Wapo ndugu zetu wanaoona muuguzi akivaa glavu mbele yao na kuhisi wametukanwa. Husema, “Ananionaje? Ananidhania nina ugonjwa?” Ukweli ni kinyume cha hivyo. Tahadhari hizi hutumika kwa kila mtu bila kubagua, awe diwani, mchungaji, sheikh au mtoto mchanga, na kwa sababu hiyo hazimwaibishi yeyote. Anayestahili kutiliwa shaka ni mhudumu anayechagua nani wa kumvalia glavu na nani wa kumwacha.

Katika tahadhari hizo, ya kwanza ni usafi wa mikono. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitaja nyakati tano ambazo mhudumu hana budi kusafisha mikono. Tumchukulie mzee aliyelazwa kwa kidonda cha mguu. Mwanafunzi anayekuja kumhudumia anapaswa kusafisha mikono kabla ya kumgusa. Tena kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu, kama kufungua kidonda au kuweka dripu. Tena baada ya kugusa au kuwa katika hatari ya kugusa usaha, damu au mkojo. Tena anapomaliza kumhudumia. Na mara ya tano, hata kama hakumgusa mzee mwenyewe bali ameshika kitanda, shuka au kabati lake. Mikono isiyo na uchafu unaoonekana husuguliwa kwa kitakasa mikono kwa sekunde 20 hadi 30. Ikiwa na uchafu unaoonekana, ni lazima maji na sabuni, na shughuli yote huchukua sekunde 40 hadi 60.

Ya pili ni vifaa vya kujikinga, yaani glavu, barakoa, aproni na miwani, kila kimoja kwa kazi yake. Ya tatu ni vitu vyenye ncha kali. Sindano iliyotumika hairudishiwi kifuniko chake. Aliyeitumia ndiye anayeitupa papo hapo katika kisanduku cha usalama, na kisanduku hicho hufungwa kinapojaa robo tatu. Ya nne ni kutenganisha taka, ili pamba yenye damu isichanganywe na maganda ya ndizi. Ya tano ni kutakasa vifaa vinavyotumika zaidi ya mara moja. Ya sita ni usafi wa mazingira, pamoja na namna ya kukohoa na kupiga chafya bila kuwaambukiza wengine.

Kati ya kujua na kutenda

Je, wanafunzi wanayajua hayo? Tafiti zilizofanywa katika nchi mbalimbali, za Afrika zikiwamo, zinafanana katika jambo moja: mara nyingi ujuzi wa wanafunzi katika karatasi za maswali ni mzuri kuliko matendo yao wodini. Kijana anaweza kuzitaja nyakati tano zote bila kusita, kisha kesho yake akatoka kitanda cha tatu kwenda cha nne bila kunawa. Ukimwita mzembe utakuwa umemaliza hasira yako, lakini hutakuwa umemsaidia mgonjwa anayefuata. Sababu zinafahamika, na zinatugusa sote.

Sababu ya kwanza ni mfano wa wakubwa. Mwanafunzi ana walimu wawili: mkufunzi wa chuoni, na muuguzi anayemkuta zamu. Mwalimu wa pili ana nguvu zaidi, maana anafundisha kwa vitendo. Ikiwa muuguzi mzoefu anafunika sindano kwa mikono miwili, au anapita kitanda hadi kitanda na glavu zile zile, kijana ataona kwamba ya chuoni ni ya mtihani na haya ndiyo ya kazini. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Sababu ya pili ni vifaa. Hakuna elimu inayoweza kunawisha mikono mahali ambapo bomba halitoi maji. Pasipo sabuni, glavu za ukubwa unaofaa, au kisanduku cha usalama karibu na kitanda, mwanafunzi hujifunza kubahatisha. Na tabia ya kubahatisha ikishaota mizizi, haiondoki kwa urahisi siku vifaa vitakapopatikana.

Sababu ya tatu ni wingi wa kazi. Muuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi kuliko uwezo wake, kunawa huonekana kama kupoteza muda, na usimamizi wa mwanafunzi huwa wa juu juu.

Sababu ya nne ni imani kwamba glavu inatosha. Glavu humkinga aliyeivaa. Haizuii vijidudu kutoka kwa mgonjwa wa kwanza kumfikia wa pili, iwapo haikubadilishwa. Tena huweza kuwa na tundu lisiloonekana kwa macho, ndiyo maana mikono husafishwa hata baada ya kuivua.

Sababu ya tano ni woga. Mwanafunzi yuko chini kabisa katika ngazi za hospitali. Akiona mkubwa wake amesahau kunawa, anahofia kusema kwa sababu huenda ndiye atakayemjazia fomu ya tathmini. Hofu hiyo hiyo humfanya afiche ajali inapompata yeye mwenyewe.

Hatari kwa mwanafunzi mwenyewe

Tumezoea kumtazama mwanafunzi kama anayeweza kutuambukiza. Ni haki pia tumtazame kama mtoto wetu anayeweza kuambukizwa. Mikono yake bado haijazoea kazi, hivyo yuko katika hatari kubwa ya kuchomwa na sindano. Akichomwa na sindano yenye damu ya mtu mwenye homa ya ini aina ya B, naye hana kinga, uwezekano wa kuambukizwa ni kati ya 6 na 30 katika kila 100. Kwa homa ya ini aina ya C uwezekano ni mdogo kuliko huo. Kwa Virusi vya UKIMWI ni kama 3 katika kila 1,000.

Ajali hizo zina njia ya kushughulikiwa. Chanjo ya homa ya ini B ipo, hutolewa kwa kawaida dozi tatu ndani ya miezi sita, na mwanafunzi anapaswa kuipata kabla hajaanza kushika sindano. Akichomwa, anapaswa kuosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka bila kulikamua, kisha kutoa taarifa mara moja. Dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya UKIMWI zinatakiwa zianze mapema iwezekanavyo, isizidi saa 72, na humezwa kwa siku 28. Kijana anayenyamaza siku tatu kwa kuogopa kukemewa anazipoteza saa hizo, na hazirudi.

Tulipata kumbusho chungu mwaka 2023, ugonjwa wa Marburg ulipozuka mkoani Kagera. Ulitangazwa tarehe 21 Machi na ukatangazwa kwisha tarehe 2 Juni. Watu sita walipoteza maisha, na wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliougua. Katika siku za mwanzo, ugonjwa wa namna hiyo hauna jina. Mgonjwa anafika na homa na kutapika kama mgonjwa wa malaria. Kwa muda huo, kinachomlinda mhudumu, mwanafunzi na mgonjwa wa kitanda cha jirani ni zile tahadhari za kila siku, zinazofuatwa kwa kila mtu kabla majibu ya maabara hayajarudi. Anayesubiri jina la ugonjwa ndipo avae glavu, amechelewa.

Nini kifanyike?

Kwa upande wa vyuo na hospitali, wanataaluma wanakubaliana juu ya mambo yasiyo magumu. Mwanafunzi apewe maelekezo ya wodi husika siku ya kwanza: maji yako wapi, kisanduku cha usalama kiko wapi, ukichomwa unamwona nani, mchana na usiku. Awe na msimamizi anayejulikana kwa jina. Apimwe kwa kutazamwa akifanya kazi, wala si kwa karatasi peke yake. Na anayetoa taarifa ya ajali apokewe kama mgonjwa anayehitaji huduma, asifanywe mkosaji.

Kwa upande wenu, ndugu wananchi, mna nguvu kubwa kuliko mnavyodhani. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/2018, fedha za uendeshaji wa vituo vya afya na zahanati zilianza kupelekwa moja kwa moja katika akaunti za vituo vyenyewe. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na kamati hiyo hushiriki kupanga na kufuatilia matumizi. Sabuni, glavu, dawa ya klorini na ukarabati wa bomba ni sehemu ya mipango hiyo. Waulizeni wajumbe wenu: robo mwaka hii tumenunua sabuni kiasi gani? Sehemu za kunawia mikono wodini zinafanya kazi? Tanuri la kuchomea taka ni zima? Haya ni maswali ya mwenye mali kuhusu mali yake.

Pili, mgonjwa ana haki ya kujua anayemhudumia ni nani. Mwanafunzi anapaswa kujitambulisha, na kwa kazi nzito awe na msimamizi karibu. Una haki ya kumwuliza kwa upole, “Mwanangu, umenawa mikono?” Kuuliza si ujinga, wala si utovu wa adabu. Swali hilo likizoeleka kinywani mwa wagonjwa, litamsaidia hata yule kijana aliyeogopa kumkumbusha mkubwa wake. Mgonjwa pia ana haki ya kukataa kuhudumiwa na mwanafunzi, na kukataa huko kusimkoseshe matibabu. Lakini nawasihi haki hiyo tuitumie kwa kupima. Kijana tunayemfukuza kitandani leo ndiye tutakayemdai keshokutwa katika zahanati ya kijiji chetu. Asipojifunza mbele ya msimamizi, atajifunza peke yake usiku, kwa mama mwenye uchungu wa kujifungua.

Tatu, tujitazame sisi tunaokwenda kuuguza. Wasindikizaji sita wakikaa juu ya kitanda kimoja, mtoto akitambaa sakafuni wodini, chupa ya uji ikiwekwa juu ya troli ya vifaa vya vidonda, tutakuwa tumeharibu kazi ya kila aliyenawa. Tunawe tunapoingia na tunapotoka. Tuheshimu saa za kuona wagonjwa. Tusiguse dripu wala mpira wa mkojo. Na tusimharakishe muuguzi kwa kumwambia, “Acha hizo glavu, sisi ni ndugu.” Undugu wetu hauzuii vijidudu kupita.

Nne, usafi wa hospitalini huanzia nyumbani. Mwanafunzi aliyekulia katika kaya yenye kibuyu chirizi nje ya choo, akaona baba na mama wakinawa kwa sabuni, hufika chuoni akiwa na nusu ya somo. Aliyekulia mahali ambapo kunawa ni kulowesha vidole kabla ya ugali, chuo kitakuwa na kazi ya kumng'oa katika mazoea ya miaka 20.

Ndugu wananchi, mmeuliza kama watoto hawa wanajua wanachokifanya. Kwa sehemu kubwa, wanajua. Kama watakitenda wanachokijua kunategemea maji yaliyopo bombani, mkubwa waliyemkuta zamu, na mgonjwa anayekubali kusubiri sekunde 40 mikono inawe. Mambo hayo matatu yamo mikononi mwa Halmashauri, mwa watumishi na mwenu. Mwenye malalamiko au pongezi kuhusu huduma aliyoipata asisite kuandika na kutumbukiza katika sanduku la maoni la kituo, au kumwona Mtendaji wa Kata. Ataje siku, wodi na jambo lililotokea, ili lifuatiliwe.